Waziri si mwananchi?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijawahi kukuandikia hata mstari. Ningeendelea kunyamaza lau si ile habari ya ziara ya barabarani uliyoiweka ukurasa wa mbele wiki iliyopita. Utaikumbuka. Mwandishi wako kasema "viongozi na wananchi" walijumuika kukagua mradi, kisha "wananchi wametakiwa" kulinda miundombinu, kisha "wananchi wamepongezwa" kwa subira yao. Hebu nambie, hao viongozi ni wana wa nchi gani?

Kwa Kiswahili nilichosomeshwa na kukisomesha, waziri ni mwananchi, mkuu wa wilaya ni mwananchi, na muuza mbatata wa Tibirinzi huku Pemba ni mwananchi vilevile. Lakini magazetini mwananchi keshakuwa mtu wa kutakiwa, kuaswa, kuhimizwa na kupongezwa. Siku anapodai chake, jina humvuka.

Hilo nimeliona kwa macho yangu. Dada yangu ni mjane, na shamba analolima ni la eka tatu alizopewa baba yetu baada ya Mapinduzi. Barabara ilipokuja, mikarafuu yake minne ilipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, ikakatwa, vigogo vikaachwa hapo hapo na alama zake. Nikamsindikiza ofisini, sitaitaja, kuulizia fidia. Kijana wa dirishani, mwenye adabu zake, shikamoo kaitoa vizuri, akavuta daftari lililoandikwa juu kwa kalamu nzito: WAKAAZI WAATHIRIKA. Akapitisha kidole, jina akalikuta, mbele yake patupu. "Mzee wangu, nyinyi wakaazi mna haraka mno," akanambia. Nikamwambia huyu si mkaazi tu, shamba ni la baba yake. Akacheka kidogo. Ardhi ni ya serikali mzee, nyinyi mmekaa tu, mtalipwa miti, na miti yenyewe bado haijafanyiwa tathmini. Itathminiwe vipi, nikamuuliza, na imeshakuwa kuni? Akasema turudi baada ya Idi. Idi ipi hakusema. Basi haikupita muda ikapita gari ya vipaza sauti mtaani kwetu: "Wananchi, barabara hii ni yenu, jitokezeni kwa wingi kumpokea mheshimiwa!" Dada yangu akaniangalia. Kwenye daftari la fidia mkaazi, kwenye mapokezi mwananchi. Na kule mapokezini, Bwana Mhariri, picha yako mwenyewe inaonesha: waheshimiwa kwenye viti chini ya turubali, wananchi wamejipanga juani wakipunga mikono. Maelezo chini ya picha yametaja jina na cheo cha kila aliyekaa. Waliosimama wameandikwa "sehemu ya wananchi".

Wengine watasema basi tuite raia. Hilo neno nalo lina mambo yake. Asili yake ya Kiarabu ni walio chini ya mchungaji, watu au mifugo. Mwaka 1951 wakulima wa Kiembesamaki kule Unguja, ambao ardhi nyengine ilishachukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, walikataa ng'ombe wao kutiwa dawa kwa nguvu, ikawa ile Vita vya Ng'ombe. Kisha wakulima wa huko huko wakaunda chama wakajiita raia wa Sultani, nacho ndicho kilichozaa Hizbu, yaani chama cha ZNP, mwaka 1955. Kwa hiyo waliokataa ng'ombe wao kuswagwa walijiita wenyewe kwa jina la wachungwao. Angalau wao walilitumia kudai. Siku hizi raia ni mtu asiyevaa sare, basi.

Na nikiwa nimeshashika kalamu, kuna jengine. Waandishi wako vijana sasa wanaandika "mkazi wa Wete", "mkazi wa Micheweni". Sisi huku ni wakaazi, kitambulisho chetu chenyewe kimeandikwa Mzanzibari Mkaazi, kwa a mbili. Mkazi kwa wazee wetu ni mwanamke, ni mke, ndiyo tukapata mkazamwana, mke wa mwana, na mkazamjomba, mke wa mjomba. Wiki ile ile mlimwandika mvuvi mmoja, mtu mzima na ndevu zake, kuwa ni mkazi wa Wete. Sijui Wete alimuoa lini, wala mahari alilipa nani.

Mimi sitaki kamati wala semina, maana huko nako tutaandikwa "wadau". Weka kikopo mlangoni mwa chumba chako cha habari. Kila mwandishi atakayeandika "viongozi na wananchi" atie shilingi 500, na atakayeandika "mkazi" atie 1,000. Mwisho wa mwezi kinunuliwe kidau cha wino na kalamu mbili zinazoandika, vipelekwe ofisi ile niliyokataa kuitaja. Ukinitafuta faragha nitakwambia iko wapi, na dirisha ni la pili mkono wa kushoto. Huenda ile nafasi iliyo wazi mbele ya jina la dada yangu ikajazwa kabla ya Idi, yoyote watakayoichagua.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba