Vifuu tunachoma, na maji hatuyapimi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Ukipita soko la Kongowea hapa Mombasa, pale wanapokuna nazi, utaona vifuu vimejaa magunia, vyengine vinaenda kuwashia moto wa mahamri, vyengine vinachomwa tu hapo nje na moshi unawaingia watu machoni. Mimi roho inaniuma, maana kifuu ndicho kinachotengenezewa kaboni amilifu, ile inayochuja maji nchi nyingi tu duniani.

Nazungumzia hasa kuchuja kemikali za florini, zile wanaita PFAS. Zimetiwa kwenye sufuria zisizoshika chakula, nguo zisizoingia maji, na povu la kuzimia moto wa mafuta kwenye viwanja vya ndege na bohari za mafuta, na Mombasa tuna vyote viwili. Kaboni na florini zikishikana kubanduka ni shida, ndo maana zinakaa kwenye udongo na maji miaka na miaka. Na kuchemsha hakusaidii jamani, maji yanapungua kemikali inabaki, klorini nayo haizigusi. Mwisho wa 2023 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka PFOA, moja ya hizo, kwenye kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu, na 2024 Marekani ikaiwekea kikomo cha nanogramu 4 tu kwa lita ya maji ya kunywa.

Lakini mtu asikimbilie kutia makaa ya jikoni mtungini akaona kamaliza! Kifuu kinachomwa kwanza bila hewa kiwe mkaa, kisha kinapitishwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 au 900 na zaidi, hapo ndo kinatoboka vitundu ambavyo jicho halivioni, gramu moja ukiipima kuta zake zote za ndani zinafika kama mita za mraba 1,000, na PFAS zinanasa humo. Zenye mnyororo mrefu wa kaboni kama PFOA na mwenzake PFOS zinanasa vizuri, fupi zinapenya mapema, kwa hivyo kaboni lazima ibadilishwe kabla haijajaa, na ile iliyotumika isitupwe jaani mvua ikaziosha zikarudi ardhini, ichomwe kwenye tanuru la joto kali sana. Chumvi ya visima vyetu kaboni hii haiitoi, hiyo ni kazi nyengine kabisa.

Ninachoiomba kaunti ni hivi, visima vinavyojaza mikokoteni ya maji Changamwe, Kisauni na Likoni vipimwe PFAS, vya karibu na uwanja wa ndege na bohari za mafuta vianze, na majibu yabandikwe palepale kisimani kila anayenunua mtungi asome. Kenya imo kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali zenye sumu zisizooza, na PFOS imewekwa humo tangu 2009, PFOA 2019, kwa hivyo si jambo la kubembelezana. Halafu wakae na kaunti za Kwale na Kilifi wenye minazi, wajenge tanuru moja la maana la kaboni, vijana wapate kazi na hivi vifuu viwe na bei.

Mkaazi wa Kisauni,
Mombasa