Barua kwa mwanangu anayetaka kuwa prodyuza

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, na mama yako nimemsomea. Unataka kuacha chuo mwaka wa pili wa elektroniki kwa kuwa studio haimuulizi mtu cheti. Kweli, haimuulizi. Kazi yenyewe sina ugomvi nayo. Ninachokataa ni kudhani kwamba umeme na muziki ni lazima uchague kimoja.

Kuna Mmarekani aliyeitwa Tom Dowd, mzaliwa wa New York mwaka 1925. Mama yake alikuwa mwimbaji wa opera, naye akapiga piano tangu utotoni. Vita Kuu ya Pili ikamkuta kwenye maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Columbia, katika mradi uliozaa bomu la atomiki. Vita ilipokwisha alitaka kurudi darasani, lakini aliyoyajua yalikuwa siri ya serikali, na masomo ya chuo yalikuwa nyuma ya yale aliyokwisha kuyajua. Akaingia studio. Kwa kampuni ya muziki ya Atlantic akawarekodi Ray Charles, John Coltrane na Aretha Franklin.

Enzi hizo sauti ilipandishwa kwa swichi za kuzungusha, mkono mmoja swichi moja. Dowd alikuwa na vidole vya mpiga piano, akapigania vidhibiti vya kusukuma juu na chini, kila kidole kishike chake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Atlantic ilikuwa tayari na mashine ya treki nane, yaani sauti nane zinarekodiwa kila moja kwenye njia yake. Beatles mwaka 1967 bado walikuwa wanarekodi London kwa treki nne! Nani angeyaona hayo kama si mtu anayejua waya na anayejua wimbo?

Nami ni fundi redio tu, lakini ule mvumo unaosikika nyuma ya vokali zenu naujua. Ni hezi 50 za umeme wa ukutani, na mara nyingi chanzo ni vyombo viwili vilivyopata ethi, ule waya wa ardhini, kwa njia mbili. Vichomeke soketi moja kwanza, ndipo ulaumu maiki.

Halafu ile besi uliyosema inapotea. Umeweka maiki mbili kwenye ngoma moja, moja karibu, moja mbali. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ya mbali inachelewa kidogo. Wimbi moja likipanda wakati lingine linashuka, yanauana. Utaongeza besi mpaka spika ilie, haitarudi. Isogeze maiki, au geuza fezi ya moja, yaani wimbi lake lipinduliwe, juu iwe chini. Haya yamo kwenye daftari lako la chuo, somo la mawimbi.

Kuhusu fedha: kabla wimbo haujatoka, andikeni nani katunga mashairi, nani katengeneza biti, nani mwenye masta, yaani rekodi yenyewe iliyokamilika, na kila mtu ana asilimia ngapi. Prodyuza anayepokea noti usiku ule na kuondoka bila karatasi, wimbo ukipendwa atausikia kwenye daladala kama abiria wengine.

Spika unazoziomba, subiri. Chumba chako ni kuta tupu na bati, sauti inadunda. Spika ya bei yoyote itakudanganya humo. Nunua hedifoni nzuri, na usimiksi kwa sauti kubwa, masikio hayana spea. Ada ya muhula nimeshalipa Jumatatu. Risiti nitakutumia kwa WhatsApp.

Baba yako