Ile fleshi nyekundu

Mgosi wangu,

Salamu kutoka Ngamiani. Huku tu wazima, mama anakusalimu sana.

Juzi nilikuwa natafuta chaja kabatini, nikaikuta ile fleshi nyekundu. Nyimbo zimo zote saba. Kwenye ile ya tatu, kabla mdogo wako hajaanza kuchana, anakohoa, anasema "ngoja, ngoja", na nje muuza kahawa anasikika akigonganisha vikombe vyake. Nilirudia hapo hapo mara kumi, nikashindwa kuendelea.

Najua tangu msiba hutaki zitoke, nami sijawahi kukubishia. Ila leo nataka nikusimulie habari za yule rapa wa Marekani, MF DOOM, maana wewe unamjua kwa kinyago tu.

Jina lake Daniel Dumile, mzaliwa wa London, 1971, akakulia Long Island, New York. Alianza na mdogo wake, DJ Subroc, katika kundi la KMD. Albamu yao ya kwanza, Mr. Hood, ilitoka 1991 chini ya lebo kubwa, Elektra. Mwaka 1993, wakiwa kwenye albamu ya pili, Subroc akagongwa na gari, akafa. Kaka mtu akaimalizia kazi peke yake. Mwaka uliofuata lebo ikagoma kuitoa, kisa picha ya jalada: kikatuni cha kumdhihaki mtu mweusi, kimetiwa kitanzi. Wao walikuwa wanainyonga ile dhihaka yenyewe! Wakubwa wakaona balaa, wakamfungulia mlango atoke. Mdogo hana, mkataba hana.

Akapotea miaka. Aliporudi kwenye jukwaa dogo huko Manhattan, alikuwa amejifunika uso kwa soksi ya kike. Kinyago cha chuma kilifuata baadaye. Mwaka 1999 akatoa Operation: Doomsday kwa lebo ndogo ya Bobbito Garcia, Fondle 'Em. Wengi watakwambia kazi yake kuu ni Madvillainy ya 2004, aliyofanya na mtengeneza midundo Madlib, na siwapingi: nyimbo 22 ndani ya dakika 46 hivi, viitikio vya kuhesabu. Ilivuja zaidi ya mwaka mzima kabla ya kutoka, naye akarudi studio akarekodi sauti upya, nzito zaidi na ya taratibu. Lakini mimi moyo wangu uko kwa ile ya 1999. Sauti imekwaruza kama ya mtu aliyekesha matangani, na mdogo wake anamtaja humo humo.

Halafu sikiliza vina vyake. Sisi tulifundishwa kina cha kati na kina cha mwisho, basi. Yeye vina vinatambaa mstari mzima, vinavuka kituo, vinaingia mstari unaofuata bila kupumua. Mdogo wako alikuwa na kipaji hicho hicho. Ubeti wake wa pili kwenye ile ya tatu, hebu uhesabu mwenyewe, mimi nilifika kumi na nne nikachoka.

DOOM alifariki 31 Oktoba 2020, familia ikatangaza siku ya mwisho ya mwaka. Na ile albamu iliyokataliwa, Black Bastards, ilikuja kutoka baada ya miaka kadhaa. Leo kijana wa Makorora ambaye hata hakuwa amezaliwa anaweza kumsikia Subroc akichana, amechangamka, ana haraka ya ujana.

Mgosi, mdogo wako anamsikia nani? Mimi na wewe, na kabati.

Nimezinakili zote kwenye kompyuta, maana fleshi ile imeanza kusumbua, lazima uishikilie kwa kidole ndipo isome. Bila neno lako hakuna itakayotoka, hata kipande. Naomba hiyo ya tatu tu. Kuna kijana Chumbageni mwenye studio chumbani kwake, ana mkono mwepesi, atasafisha ule mvumo wa feni. Nimeshamwambia kikohozi na vikombe vya kahawa asiviguse.

Nakusubiri.

Wako,
Mgosi wa Barabara ya Nane