Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na walimu wetu wapendwa,
Wajumbe wa Bodi ya Shule, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha leo, 5 Juni. Tunakushukuru nawe Mgeni Rasmi kwa kuacha shughuli zako na kuja kutusikiliza. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu klabu yetu imejifunza habari za mnyama asiyeishi Ziwa Victoria wala ziwa lolote la maji baridi. Ni shefi, yule mnyama wa baharini wa mviringo aliyejaa miiba, ambaye wenzetu wa Tanga, Mafia na Unguja hujihadhari wasimkanyage maji yanapokupwa. Tumemchagua kwa sababu uzazi wake wote hufanyika majini, bila tumbo la mama kuukinga.

Jike huachia mayai, dume huachia mbegu, vikakutana vikielea. Mbegu ikiwa mwilini mwa dume imelala. Ikigusa maji ya bahari, pH ya ndani yake, yaani kipimo cha tindikali ambacho hushuka tindikali inapozidi, hupanda, nayo huamka na kuanza kuogelea. Maji yakizidi tindikali, mwamko huo unaweza kudhoofika. Mbegu moja ikishaingia ndani ya yai, katika muda wa dakika moja hivi utando mwembamba huinuka kulizunguka yai ili nyingine zisiingie. Maisha ya mnyama mzima yanaamuliwa hapo.

Tindikali hiyo chanzo chake ni moshi wetu sisi binadamu. Bahari hufyonza takriban robo ya hewa ukaa tunayozalisha, na hewa hiyo ikikutana na maji hutengeneza tindikali. Tangu enzi ya viwanda ianze, pH ya maji ya juu ya bahari imeshuka kutoka kama 8.2 hadi 8.1. Namba hizo zinaonekana kukaribiana, lakini kwa jinsi kipimo hiki kinavyohesabiwa, ayoni za haidrojeni, chembe zinazoleta tindikali, zimeongezeka kwa zaidi ya robo.

Mwaka 2008 watafiti waliojaribu shefi wa Australia katika maji ya pH 7.7 waliona mbegu zikiogelea polepole na mayai machache zaidi yakitungishwa. Mwaka uliofuata, watafiti wengine walijaribu aina hiyohiyo na hawakuona upungufu huo. Joto ndilo lililowatia wasiwasi zaidi. Sisi tunaona mvutano huo ni afya ya sayansi. Lakini jaribio lililotugusa kuliko yote lilichapishwa mwaka 2013, kuhusu shefi wa bahari za baridi za kaskazini. Majike waliokaa miezi 4 kwenye maji yenye hewa ukaa nyingi walitoa mayai pungufu mara 4.5. Waliokaa miezi 16 hawakutofautiana na wa kawaida. Kumbe mwili unaweza kuzoea ukipewa muda, na aliyepima kwa miezi minne tu angepata jibu jingine kabisa.

Hata yai likitungishwa salama, lava, yaani mtoto mchanga wa shefi anayetoka, hujenga mifupa yake kwa chokaa, na katika majaribio mengi lava waliolelewa kwenye tindikali walidumaa, wakawa na mikono mifupi. Mikono hiyo ndiyo wanayoitumia kupata chakula.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa Mwanza sangara na dagaa nao huachia mayai yao majini. Sato jike huyaatamia mdomoni, lakini maji anayoyapitisha humo ni haya haya ya ziwa. Katika ziwa letu pH haitulii: mchana mwani hutumia hewa ukaa na pH hupanda, usiku hushuka. Kupima mara moja kwa mwezi hakuelezi kitu. Tungependa kupima alfajiri na alasiri, mwaka mzima, pale Mto Mirongo unapoingia ziwani na kule Luchelele.

Kikwazo chetu ni kifaa. Maabara yetu ina karatasi za litimasi. Ukiichovya kwenye maji ya 8.2 au ya 8.1, rangi ni ileile. Badiliko lote tulilolieleza hapa, karatasi yetu hailioni.

Kwa hiyo tunaomba vipima pH viwili vya kielektroniki vinavyosoma hadi desimali mbili, pamoja na vimiminika vya kuvisawazishia. Tunaomba pia utusaidie kupata nafasi ya kujifunza kwa watafiti wa TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, kituo cha Mwanza. Takwimu tutakazokusanya tutazibandika ubaoni na kuwapa nakala wavuvi wa mialo ya karibu.

Baada ya risala hii tunakukaribisha kwenye meza yetu. Mwenzetu wa Kidato cha Pili atapuliza kwa mrija ndani ya glasi ya maji yenye kiashiria cha bluu. Utaona bluu ikigeuka kijani, kisha njano, kwa pumzi yake tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.