Mgonjwa mmoja, madaftari manne: barua ya wazi kwa Katibu Mkuu, Wizara ya Afya

Ndugu Katibu Mkuu,

Mtumishi wa chini kukuandikia hadharani ni kuruka ngazi, nalijua hilo. Suala hili nimeshalipeleka kwa njia ya kawaida. Lilisomwa kwenye kikao cha robo mwaka, likawekwa kwenye "mengineyo", muhtasari ukasainiwa, tukanywa soda tukatawanyika.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya CTC, yaani ya matunzo na tiba ya wenye VVU, katika hospitali moja ya wilaya, Kanda ya Ziwa. Ninachotaka kukueleza ni kwamba taarifa za VVU na taarifa za homa ya ini zinapishana bila kusalimiana, wakati virusi vyenyewe vinakaa kwenye damu ya mtu yule yule, na mara nyingine vinatibiwa kwa kidonge kile kile.

Kwenye makaratasi jambo hili limeshaamuliwa. Mpango wa taifa wa kudhibiti UKIMWI tuliouzoea kwa jina la NACP sasa ni NASHCoP, na homa ya ini imeingizwa ndani ya jina hilo. Zanzibar nako kitengo kimoja kinashika UKIMWI, homa ya ini, kifua kikuu na ukoma. Lakini kilichobadilika kwenye kibao cha ofisi Dodoma bado hakijafika kwenye madaftari ya huku kwetu.

Chukua mama mjamzito anayekuja kliniki kwa mara ya kwanza. VVU na kaswende anapimwa kwa kitepe kimoja. Homa ya ini B anapimwa kwa kitepe kingine, siku kikiwepo. Majibu ya VVU yanaingia kwenye kitabu namba 6 cha MTUHA, yaani vitabu vya taarifa za vituo vya afya, na kwenye kadi yake. Akikutwa na maambukizi anaanzishiwa dawa siku hiyo hiyo na anapewa namba ya CTC: tarakimu za mkoa, za wilaya, za kituo, kisha zake mwenyewe. Akihamia Geita au Mbeya namba hiyo inamtambulisha. Asipokuja, kuna mtu wa kumpigia simu.

Majibu ya homa ya ini yanakwenda kwingine. Yanaandikwa kwenye daftari la maabara, lile la jalada gumu lililopigwa mistari kwa rula: jina la kwanza, umri, halafu "HBsAg POS", yaani ana homa ya ini B, kwa wino mwekundu. Hakuna namba ya kliniki wala simu. Mama anapewa kikaratasi arudi nacho kwa muuguzi, na kikaratasi kikipotea, habari imeishia hapo. Leba wana kitabu chao, namba 12. Usiku wa manane mama akija na uchungu, hakuna mkunga atakayekwenda kufungua maabara kutafuta mstari mwekundu wa miezi mitano iliyopita.

Hapo ndipo tunapompoteza mtoto. Wa mama mwenye VVU anasajiliwa, anapewa dawa ya kinga, na wiki ya 6 anachukuliwa tone la damu kwenye karatasi maalumu. Wa mama mwenye homa ya ini B hafuatiliwi na yeyote. Shirika la Afya Duniani linashauri apate chanjo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Pentavalenti yetu, ambayo ndani yake mna chanjo ya homa ya ini B, inaanza wiki ya 6, kisha ya 10 na ya 14. Ni chanjo nzuri na imeokoa wengi, ila kwa mtoto aliyeambukizwa siku ya kuzaliwa inafika maji yakiwa yameshamwagika. Mtu mzima akiambukizwa kirusi hiki, mara nyingi mwili unakitoa wenyewe. Wanaobaki nacho hawafiki 5 katika 100. Kwa mtoto mchanga hesabu inageuka: karibu 90 katika 100 wanabaki nacho, na baadhi yao ndio tunaowapokea wodini wakiwa na miaka thelathini na kitu, tumbo limejaa maji, ini limeshakauka.

Ripoti ya Shirika hilo ya mwaka 2024 inasema watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini B mwaka 2022, na waliokuwa kwenye dawa ni 3% tu. Kanda ya Afrika inabeba 63% ya maambukizi mapya. Sisi tuliopo dirishani takwimu hizo hazitushangazi.

Sasa nije kwenye dawa, maana hapa ndipo taarifa zisipokutana zinapodhuru mtu aliyeshika dawa vizuri. Wateja wetu wengi wanatumia TLD: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Mbili za kwanza zinapiga pia kirusi cha homa ya ini B. Mteja mwenye virusi vyote viwili anatibiwa vyote kwa kidonge kimoja kwa siku, wakati mwingine bila yeye wala sisi kujua. Balaa linaanza siku ya kubadilisha. Figo zinasumbua, daktari anaiondoa tenofoviri na kuweka abakaviri. Kwa VVU uamuzi huo ni sahihi. Kwa homa ya ini, anayebaki kupigana ni lamivudini peke yake, na peke yake haichukui muda kirusi kikaizoea. Na akiacha dawa zote, kile kirusi cha ini kilichokuwa kimelala kinaweza kuamka kwa nguvu: macho ya njano, kutapika, na wengine ini linashindwa kabisa. Muongozo unataka mteja apimwe homa ya ini B. Anayebadilisha dawa anapaswa kuyaona majibu hayo mbele yake kwenye skrini, na siyo kumuuliza mgonjwa "uliwahi kupimwa ini?" naye akajibu "nilitolewa damu, sikuambiwa kitu."

Ukituuliza wilayani kwetu watu wangapi wana VVU na homa ya ini B kwa pamoja, hatuna jibu la uhakika. DHIS2, mfumo wa taifa wa takwimu za afya, inapokea majumuisho ya mwezi, haipokei watu. Mama aliyekutwa na homa ya ini kliniki ya wajawazito, akapimwa tena OPD kwa wagonjwa wa nje, kisha tena alipokwenda kuchangia damu, anaweza kuhesabiwa mara tatu, na mwenzake mwenye virusi vyote viwili akawa nusu huku, nusu kule. Damu yenyewe ni hazina tunayoipoteza. Mpango wa Taifa wa Damu Salama unapima kila chupa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Vijana wengi wa sekondari na wanajeshi wanajifunza hapo kwamba wana homa ya ini. Wanaambiwa waende hospitali, nao wanaenda au hawaendi. Kwetu anafika mtu, barua yake haifiki. Kliniki za methadoni, tangu ile ya kwanza ya Muhimbili mwaka 2011, nazo zinapima homa ya ini C kwa wanaojidunga dawa za kulevya. Hizo sina la kusema zaidi, sijafanya kazi huko.

Kuna watakaokuambia dawa ya haya ni mfumo mpya. Nakuomba, Ndugu Katibu Mkuu, usituletee mfumo mpya. Tunayo ya kutosha: kanzidata ya CTC2, DHIS2, mfumo wa hospitali, wa chanjo, na bado vitabu vya MTUHA vinatakiwa vijazwe kwa mkono. Tunachokosa ni namba moja ya mteja inayotambulika kote. Misri, kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019, walipima homa ya ini C watu karibu milioni 50, na kila mmoja aliingizwa kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa. Sisi hatuwezi kuiga kila kitu, kwani kitambulisho cha NIDA kwa kawaida kinaanzia miaka 18 na binti wa miaka 17 mwenye mimba mara nyingi hana namba hiyo. Lakini kadi ya kliniki anayo. Namba ianzie kwenye kadi hiyo, imfuate maabara, leba, kwenye chanjo ya mwanawe na kwetu CTC.

Usiri nao usiachwe nyuma. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda majibu ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeongeza kufuli. Kuunganisha taarifa hakumaanishi kila mwenye nywila ya hospitali amwone kila mtu. Mkunga wa leba anahitaji kujua mtoto huyu apewe chanjo gani na dawa gani, hahitaji historia nzima ya mama. Halafu kuna jambo ambalo wataalamu wa mifumo hawalioni: mtu mwenye homa ya ini pekee anakataa kuja jengo letu. Anajua akionekana kwenye benchi la CTC, jioni mtaani habari ni kwamba kakanyaga miwaya, yaani ana VVU. Mwaka jana baba mmoja alinisubiri nje ya geti mpaka nitoke kazini, ndipo aniulize majibu yake. Kwa hiyo taarifa ziungane, mabenchi yabaki tofauti kwa anayetaka.

La mwisho ni watu. Makarani wa takwimu wengi wa CTC walikuwa wakilipwa na wadau kwa fedha za PEPFAR, mfuko wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje, kwetu viti vyao vilikuwa wazi ndani ya wiki chache, na mafaili yakapanda mezani mpaka tukashindwa kumwona aliyekaa upande wa pili. Sisi wauguzi ndio tulioingiza taarifa, usiku, baada ya zamu. Karani wa takwimu awe kwenye ikama ya halmashauri kama alivyo mtu wa maabara. Nafahamu hilo linapita TAMISEMI na Utumishi, na kwamba huliamui peke yako.

Yaliyo mezani kwako ni haya: majibu ya homa ya ini B yawe sehemu ya lazima kwenye rekodi ya kila mteja wa CTC, yenye tarehe, na yajitokeze yenyewe pale dawa inapobadilishwa, maabara isitoe majibu bila namba ya kadi, na Damu Salama iwe na njia ya kutuma taarifa ya mchangiaji, kwa ridhaa yake, kwenye kituo anachokitaja. Na kabla vitabu vya MTUHA havijachapishwa tena, tuma mtu akae leba usiku mmoja na kitabu namba 12, ajaribu kumtafuta mama aliyepimwa homa ya ini. Hospitali yoyote itafaa, si lazima iwe yetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi, Kliniki ya CTC
Hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa