Somo yako amesimama dede

Göteborg, 16 Novemba 2025

Mama yangu mpenzi,

Assalam alaykum na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wote hapo Tanga, Barabara ya 8. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillah. Baridi imeanza kuuma ila ndani ya nyumba kuna joto. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikipiga kila mtu anataka kumwona mtoto, simu inazunguka nyumba nzima, na mimi na wewe hatupati kuongea. Halafu kuna jambo ambalo nikilisema kwa mdomo nitalia.

Nianze na la heri. Mwanangu, huyu somo yako mwenye jina lako, amesimama dede!

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, nakunja nguo sebuleni. Yeye ameshika kochi, anajivuta taratibu kuufuata mwiko wake. Ule mwiko uliompelekea kwa mkono wa Mama Saidi, Mama, hauachi. Analala nao, anaamka nao, meno yake yote manne yameacha alama kwenye mpini. Sasa alipoufikia akataka kuushika kwa mikono miwili, na mikono miwili ikishika mwiko basi kochi limeachwa. Akawa amesimama mwenyewe, miguu ameitanua, tumbo mbele, mwiko kifuani, wala hajui kama amesimama. Mimi niliganda, shati la baba yake mkononi, naogopa hata kuvuta pumzi nisije nikamshtua. Akatazama chini. Akanitazama mimi. Akacheka kwa sauti, kisha akakaa kitako, pu! Nilipiga kelele nikambeba, nikamzungusha chumba kizima. Tangu hapo hataki kazi nyingine. Ukimwita "dede, dede" anatafuta popote pa kujishikiza, ajiinue, aachie, halafu akutazame kama umeona. Usipopiga makofi anapiga mwenyewe.

Na hajafikisha mwaka, Mama. Mtoto wa Zuhura alisimama na miezi mingapi? Muulize tu.

Sasa nije kwenye lile jambo. Ujumbe aliouandika Kaka Bakari kwenye kundi la ukoo nimeusoma, na najua wote mmeusoma. Kuomba hela za mabati sikuchukia. Ile nyumba ni yetu sote, na mvua za vuli hazimsubiri mtu. Kilichonichoma ni maneno yale, "wewe si umekaa tu na mtoto, kazi huendi, utashindwaje kutuma?" Mbele ya Mjomba, mbele ya mawifi, mbele ya watoto wa juzi. Na hakuna aliyemjibu. Hata wewe Mama hukumjibu, ingawa najua wewe kundi lile hulifungui mpaka Rehema akushikie simu, kwa hiyo kwako sina kinyongo.

Naomba umweleze kwa kituo. Mimi nina kazi, na kazi yangu inaningoja kwenye nyumba ya wazee, nafasi yangu hapewi mtu. Huku Sweden serikali inawapa wazazi siku 480 za kulea mtoto, baba na mama wanagawana, na katika hizo siku 90 ni za mama peke yake na 90 ni za baba peke yake, mmoja asipochukua zake zinapotea. Siku nyingi kati ya hizo nalipwa, lakini silipwi mshahara wote, napata kama asilimia 80, na nimezitandaza siku zangu ili zifike mbali, kwa hiyo cha mwezi kimepungua zaidi ya hapo. Ile hela ya mtoto anayoisema kila mara ni krona 1,250 kwa mwezi, kila mtoto wa nchi hii anapewa, tajiri kwa maskini. Hiyo ni ya nepi na nguo za baridi. Siwezi kuezekea nyumba kwa nepi za mwanangu.

Na hilo la "umekaa tu" ndilo ninalotaka alisikie vizuri.

Siku zetu zinaanza giza bado nene nje. Anaamka, halii, anaanza kuongea peke yake kitandani, ba-ba-ba, ta-ta-ta, na mwiko unagonga nguzo za kitanda. Nikiingia anajifunika uso na kanga yako, ile ya "Nani kama mama", anangoja niulize, "Jamani, mtoto wangu kaenda wapi?" Nikichelewa kuuliza anachungulia kwa jicho moja. Akifunua, hicho kicheko chake Mama, natamani ungekisikia ukiwa hapa hapa, simu inakikata. Tunarudia mchezo huo mpaka mimi nachoka, yeye hachoki. Kisha matone yake ya vitamini D, matano kila siku, maana jua la huku wakati huu halimtoshi mtoto, saa kumi jioni taa za barabarani zimeshawaka. Kisha uji. Ulezi napata kwa Msomali hapa chini, si mzuri kama wa soko la Mgandini lakini unafaa. Anataka kushika kijiko mwenyewe. Nusu ya uji unaingia mdomoni, nusu unaingia masikioni na kwenye nywele, na mimi namwachia, kwa sababu ukiuona uso wake anapofanikiwa kuingiza kijiko kinywani bila msaada utadhani kafaulu darasa la saba.

Kabati la chini jikoni ni lake. Nimelitoa visu na vyupa, nikaacha sufuria, mifuniko na bakuli za plastiki. Anatoa kimoja kimoja, anakitazama, anakigonga kwa mwiko asikilize, kisha anakiweka nyuma yake. Mfuniko wa sufuria kubwa ndio kipenzi chake maana unazunguka ukilia. Juzi aligundua kwamba bakuli dogo linaingia ndani ya kubwa. Alilitoa, akalirudisha, akalitoa, akalirudisha. Nilikaa sakafuni ubavuni mwake, chai yangu ikapoa, na sikutamani kuwa mahali pengine popote duniani. Kaka akitaka kujua nimekaa na nini, nimekaa na hayo.

Mara mbili tatu kwa wiki tunakwenda kwenye nyumba ya michezo ya watoto. Haina malipo, mzazi anaingia na mtoto wake, anakaa naye, anacheza naye. Ni tramu vituo vichache tu, na hapa mtaani kwetu Hammarkullen kituo chetu wamekichimba ndani ya jabali, tunashuka kwa lifti. Yeye kengele ya lifti ikilia anapunga mkono, hata kama hakuna mtu. Huko wapo akina mama wa Kisomali, wa Kisiria, wa Kiswidi, na wanaume pia, baba na mtoto wake kifuani kwenye mbeleko, bila haya. Mwalimu anapiga gitaa wanaimba na kuonyesha kwa mikono. Somo yako ndiye mdogo kuliko wote lakini vitendo vya mikono anavijua kabla ya wakubwa wake. Mwalimu mwenyewe kasema, sisemi mimi. Wiki iliyopita kijana mmoja mnene alimnyang'anya mwiko. Hakulia. Alimfuata kwa kutambaa mpaka pembeni, akanyoosha mkono, akauchukua, akarudi zake. Nikasema moyoni, huyu kweli ni somo wa mama yangu.

Shangazi naye nimesikia anasema namuua mtoto kwa kumlaza nje. Ni ile picha ya kigari roshani. Mwambie Shangazi, shikamoo yake tele, kwamba huku ndivyo wanavyowalaza, hata kwenye shule za chekechea utakuta vigari vimepangwa nje watoto wamelala mchana. Mtoto ana nguo ya sufu, juu yake vazi zima lenye manyoya, chini kuna ngozi ya kondoo, na kila baada ya muda naingiza vidole shingoni kwa nyuma nione kama pana joto. Panakuwa na joto kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Analala muda wa saa mbili bila kugeuka. Akiamka mashavu mekundu, njaa kali, anacheka na majani. Kwenye kliniki ya watoto walipompima wamesema anakwenda vizuri kabisa, uzito na urefu, na mstari wake kwenye chati unapanda bila kuyumba. Huduma hiyo pia ni bure, na muuguzi alikuja nyumbani tulipotoka hospitali.

Kuhusu miezi ile ya mwanzo sina mengi ya kusema. Yamepita. Nitasema moja tu, kwamba arobaini yangu haikuwa arobaini. Hakukuwa na wa kunikanda, uji wa pilipili manga niliupika mwenyewe nimemshika mtoto kwa mkono mmoja, na Februari ile theluji ilikuwa imefika dirishani. Nilikuwa nakutajataja jina usiku. Baba yake alidhani namwita mtoto.

Ila naye, baba yake, nisimnyime haki yake. Kuanzia Januari yeye ndiye atakayebaki nyumbani na mtoto, mimi narudi kazini. Najua hapo nyumbani litakuwa neno. Shangazi atasema mwanamume kageuzwa yaya. Mwambie hakuna aliyemgeuza, mwenyewe anahesabu siku. Ameshajifunza kumsuka vile vinywele viwili vya mbele, ingawa vinakwenda upande, na kumwogesha ni yeye kila jioni. Bafuni wanacheka wote wawili, maji mpaka ukutani, na mimi nakaa jikoni nawasikiliza. Marehemu Baba alitupenda, Mungu amrehemu, lakini je, alipata kutuogesha hata siku moja? Nawaza tu kwamba naye angeyapenda maji yale.

Hofu nyingine ya Shangazi, kwamba mtoto atakuwa Mzungu asijue lugha. Muuguzi mwenyewe wa hapa alinisisitizia niongee naye lugha yangu, Kiswidi atakipata shuleni bila kutafuta. Basi nyumbani ni Kiswahili tu, tangu asubuhi hadi kulala. Ukimwambia "lete" analeta, ukimwambia "toa mdomoni" anakaza meno, maana yake ameelewa. Maktaba ya mtaani imenitafutia hata vitabu vya watoto vya Kiswahili. Anavitafuna pembeni, lakini ukurasa wenye mbuzi akiufikia anatulia, anauwekea kidole, ananitazama nimwambie. Namwambia huyu ni kama yule aliyechinjiwa yeye hapo Tanga kwenye akika yake, na babu zake wakala biriani yeye hayupo.

Hapo ndipo panaponiuma. Bustani ya Slottsskogen tumempeleka, kaona sili na pengwini, bila kiingilio. Karnivali ya mtaa huu mwezi wa tano alikuwa mikononi mwangu, ngoma zinapita, hata hakushtuka. Vyote hivyo ni vizuri na namshukuru Mungu. Lakini mchanga wa pwani ya Raskazone hajaukanyaga. Chungwa la Muheza hajalionja, na haya ya dukani huku ni makubwa, yanang'aa, hayana kitu. Hajalala kifuani kwako hata mara moja. Anakujua uko ndani ya simu, akisikia sauti yako anaigeuza simu aone nyuma yake kuna nani. Nikimwona anafanya hivyo namchukulia simu mapema, nawaambia mtandao mbaya.

Mwakani mwezi wa saba, Inshallah, tunakuja wote watatu. Tiketi tumeanza kuwekea. Hiyo nayo mwambie Kaka, ili aelewe fedha inakwenda wapi.

Kuhusu mabati, nimekaa na baba yake tumehesabu. Tutatoa nusu. Nitatuma tarehe 25, kwenye simu yako wewe, si ya Kaka, na fundi alipwe mbele yako. Nusu nyingine wachange yeye na Zuhura, nyumba wanailala wao. Na kabla sijatuma nataka aandike pale pale alipoandika lile la kwanza, aseme amenikosea. Sitaki anipigie pembeni kwa sauti ya chini. Maneno aliyatoa mbele ya watu, ayarudishe mbele ya watu. Akikataa, hela utapata wewe hivyo hivyo kwa sababu chumba kinachovuja ni chako, lakini mimi kwenye kundi lile nitatoka.

Mama Saidi anarudi huku mwanzoni mwa Desemba. Nakuomba umpe unga wa ulezi uliosagwa vizuri, kilo mbili zinatosha, binzari nyembamba ya Mgandini, na kanga moja uliyoivaa, usiifue. Na mwiko mwingine, mdogo kidogo kuliko huu, maana huu mpini umeshaanza kuchanika na sitaki vijiti vimwingie mdomoni.

Nisalimie Shangazi, Mjomba, Rehema na watoto wote. Zuhura mwambie nimepata zile picha, gauni limemkaa. Somo yako anakuamkia, sasa hivi yuko chini ya meza anagonga mguu wangu nimnyanyue.

Mwanao akupendaye,
Zainabu