Chavua za ziwani zina mengi

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Watu wakisikia hali ya hewa ya kale wanafikiria barafu tu, kumbe hata tope la chini ya ziwa limetunza mengi, maana chavua, yaani ule unga wa maua, zinatua humo, ganda lake ni gumu balaa na kule chini hewa hakuna, basi haziozi hata miaka 10,000 ikipita. Wataalamu wanatoboa, wanavuta nguzo ya tope, wanahesabu chavua kwa hadubini tabaka kwa tabaka, nyasi zikizidi miti wanajua huenda palikauka au palipoa, umri wa tabaka wanaupata kwa kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua taratibu kadiri miaka inavyopita. Msweden Lennart von Post alionyesha hesabu hizi tangu 1916! Ila msonobari unamwaga chavua nyingi mno na upepo unazipeleka mbali, kwa hiyo kuhesabu peke yake hakutoshi. Jamani tuandikieni zaidi mambo haya.